Fedha ya Mnyonge Isicheleweshwe

Yasemwa sana siku hizi, katika vikao vya matawi, ndani ya mabasi ya alfajiri na penye malango ya viwanda, kwamba Serikali inawagawia watu wa vijijini fedha za bure, na kwamba fedha hizo zitawafundisha uvivu. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao ni wafanyakazi waaminifu, waamkao kabla ya jogoo, na ambao kodi hukatwa katika mishahara yao kabla mishahara yenyewe haijafika mikononi mwao. Mtu wa namna hiyo akiuliza, "Mbona mimi natoka jasho na mwenzangu anapewa tu?" ameuliza swali la haki, wala haifai tumnyamazishe kwa kumwita mchoyo. Anastahili kujibiwa.

Sisi twaamini kwamba jibu lipo, tena ni jibu jema. Lakini twaona pia kwamba ubishi huu wa fedha itolewe au isitolewe umefunika swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni hili: fedha hiyo inapotolewa, humfikia mnyonge siku gani? Maana kwa maskini wa kijijini shilingi ya mwezi wa Desemba na shilingi ya mwezi wa Juni hazina thamani moja, ingawa zimepigwa chapa moja.

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wananchi huujua zaidi kwa jina la TASAF, uliundwa na Serikali ya Tanzania mwaka 2000. Katika miaka yake ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kujenga madarasa, zahanati, visima na barabara za vijijini. Kazi hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo zilikuwapo kaya ambazo hata darasa likijengwa mlangoni pao mtoto hakwenda, kwa kuwa hakuwa na nguo ya kuvaa, au kwa kuwa alikuwa shamba la watu akitafuta chakula cha jioni. Ndipo mwaka 2010 yakaanza majaribio katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, ya kuzipa fedha taslimu kaya zilizo hohehahe. Mwezi wa Agosti 2012 Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ukazinduliwa kwa nchi nzima, na haikupita miaka mingi ukawa umezifikia kaya zipatazo milioni moja na laki moja, Bara na Visiwani. Mwezi wa Februari 2020 ikazinduliwa sehemu ya pili ya Mpango huo.

Wala kaya hizo hazikuteuliwa na mtu mmoja aliyeketi ofisini. Utaratibu uliowekwa ulikuwa kwamba wanakijiji wakutane, wazitaje wenyewe kaya wanazozijua kuwa ni maskini kupita nyingine. Kisha hali ya kila kaya ipimwe kwa dodoso, nyumba kwa nyumba. Kisha majina yarudishwe mbele ya mkutano wa kijiji, yasomwe, na asiyestahili aondolewe mbele ya macho ya watu. Waliotajwa mara nyingi walikuwa ni wazee wanaolea wajukuu, wajane, watu wenye ulemavu, na akina mama wenye watoto wengi na shamba lisilotosha. Katika orodha ya namna hiyo ni nani hasa tunayemwita mvivu?

MWAKA WA MASKINI

Ili tulifahamu jambo hili barabara, hatuna budi kuutazama mwaka wa kaya maskini tangu mvua hata mavuno. Tuchukue mfano wa nchi kavu ya katikati, kama vile Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja. Mvua hiyo huanza kati ya Novemba na Desemba, ikakoma mnamo Aprili, na watu wakavuna kuanzia Mei. Mwenye nacho ana ghala la kumfikisha msimu mwingine. Maskini hana. Akiba yake huisha mapema, na mara nyingi huisha wakati ule ule mvua inaponyesha na shamba linapodai mikono.

Basi mwezi wa Januari mama wa kaya hiyo amekwisha kupanda, mimea imechipua, na majani yameota pamoja nayo. Ndani hakuna unga. Afanyeje? Huchukua jembe lake akaenda kupalilia shamba la mtu mwingine, apate kibaba cha unga au shilingi chache za kibarua. Jioni hurudi amechoka, na watoto wanamngoja. Kesho hufanya vivyo hivyo, na kesho kutwa. Shamba lake mwenyewe linasongwa na majani. Ufikapo mwezi wa Mei anavuna kidogo. Na kwa kuwa amevuna kidogo, akiba itaisha mapema tena, na Januari itakayofuata itamkuta njiani kwenda kibaruani. Hivyo ndivyo umaskini unavyouzaa umaskini. Mtu huyu anafanya kazi kuliko wengi wetu, ila anaifanya katika shamba la mwenziwe, katika wiki zile zile ambazo shamba lake lamwita.

Katika sehemu nyingine za nchi mnyororo huo una majina yake. Kagera huitwa butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mgonjwa yu ndani au mtoto anatakiwa shuleni. Mtwara na Lindi huitwa kangomba: korosho ya mkulima hununuliwa chini kwa chini kabla ya mnada, kwa kipimo cha mlanguzi na kwa bei ya mlanguzi. Serikali imeyapiga marufuku mambo hayo mara nyingi, na imefanya vyema. Lakini marufuku peke yake haijazi chungu. Mlanguzi hufika mlangoni kwa mkulima akiwa na kitu kimoja ambacho ushirika na mnada hawana siku hiyo, nacho ni fedha mkononi. Maadamu mkulima hana hata shilingi elfu kumi za kumvusha mwezi mmoja, mlanguzi ataendelea kumkuta nyumbani.

SHILINGI CHACHE, KAZI KUBWA

Sasa tuiweke ruzuku mahali pake katika mwaka huo. Kwa viwango vilivyotumika katika sehemu ya kwanza ya Mpango, kaya ilipata shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi. Ikiwa na mtoto wa umri wa chini ya miaka 18 iliongezewa shilingi 4,000, na kwa kila mtoto wa shule ya msingi aliyehudhuria masomo iliongezewa shilingi 2,000. Malipo yalipangwa kufanywa kila baada ya miezi miwili. Kwa hesabu hiyo bibi mwenye wajukuu wawili katika shule ya msingi alistahili shilingi 18,000 kwa mwezi, yaani shilingi 36,000 kwa kila malipo. Hata kaya iliyopata kiwango cha juu kabisa haikupita shilingi 38,000 kwa mwezi.

Msomaji wa mjini huenda akacheka. Atasema hiyo ni nauli ya basi na chai ya asubuhi. Nasi twamwuliza: ikiwa ni ndogo kiasi hicho, yawezekanaje imfanye mtu kuwa mvivu? Hakuna mtu duniani awezaye kulala chali mwezi mzima kwa shilingi 18,000. Fedha hiyo haitoshi kumwachisha mtu kazi. Yatosha tu kumrudisha kwenye kazi yake.

Maana shilingi 36,000 zikifika mwezi wa Desemba, bibi huyo ananunua unga wa siku kadhaa, na siku hizo anazitumia kupalilia shamba lake. Ananunua mbegu bora kidogo, wala halazimiki kupanda ile aliyoibakiza kwa kuinyima midomo ya wajukuu. Hana haja ya kumfuata mlanguzi. Akibakiwa na kidogo ananunua kuku wawili, na kuku wakitaga na kuangua, Januari ijayo itamkuta ana kitu cha kuuza. Kwa hiyo kitu kikubwa alichokinunua kwa fedha ile ni siku zake mwenyewe: amezikomboa kutoka shamba la jirani akazirudisha katika shamba lake.

Lakini fedha hiyo hiyo ikichelewa, ikafika mwezi wa Juni, itamkuta amekwisha kuvuna kidogo. Atanunua daftari na sabuni, na vitu hivyo si vibaya. Ila shamba limekwisha kuharibika na mwaka umekwisha kupotea. Serikali itakuwa imetoa shilingi zile zile, vitabu vya hesabu vitaonyesha kwamba malipo yamefanywa, na mnyororo utakuwa haujakatika.

USHAHIDI WA CHAMWINO NA WENZAKE

Hatusemi haya kwa kubuni. Majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yalifanywa kwa uangalifu. Vijiji 80 vilichukuliwa, nusu yake vikachaguliwa kwa kura vianze kupata fedha, na nusu vikabaki bila kupata, ili ipatikane njia ya kulinganisha. Matokeo yalionyesha kwamba kaya zilizopata fedha zilijiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani zilitangulia kulipia matibabu kabla ugonjwa haujabisha hodi. Watoto wadogo waliugua siku chache zaidi kuliko wenzao. Wasichana walimaliza elimu ya msingi kwa wingi zaidi. Watoto walinunuliwa viatu. Na kaya ziliongeza mifugo midogo, kama kuku na mbuzi.

Tuitafakari orodha hiyo. Hakuna mtu aliyewaamuru wanunue mbuzi. Hakuna mtaalamu aliyepita nyumba kwa nyumba akisema, "Wewe weka bima, wewe mnunulie mtoto viatu." Masharti yaliyowekwa yalihusu shule na kliniki tu. Mengine waliyaamua wenyewe, na waliyoyaamua ndiyo ambayo mzazi yeyote mwenye akili angeyaamua. Kumbe maskini alikuwa akijua siku zote kilichompungukia. Mwenye kujua shimo la nyumba ni yule alalaye ndani yake wakati wa mvua.

Tena wale wenye nguvu katika kaya hizo hawakuachwa wakae. Mpango ulikuwa na sehemu ya ajira za muda: kuchimba malambo, kutengeneza barabara za kijiji, kupanda miti, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, na ujira ulikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Kazi hizo ziliwekwa makusudi katika miezi ya upungufu wa chakula. Aliyepanga hivyo alifahamu kalenda ya maskini. Twaomba ufahamu huo uenee katika kila malipo.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako wanaolikumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967, nao hutuambia kwamba Azimio lilifundisha kuwa fedha si msingi wa maendeleo. Kweli lilifundisha hivyo, na lilitaja mambo manne yanayohitajiwa: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Sisi twasema kwamba somo hilo ndilo linalotuongoza katika maneno haya. Mtu yupo, na ardhi ipo, lakini njaa ya Januari imemtenga mtu na ardhi yake. Ruzuku inayofika kwa wakati humrudisha mtu katika ardhi. Inayochelewa humwacha kibaruani. Na kuifikisha kwa wakati, bila kuipunguza, ni kazi ya uongozi bora.

Wako wengine wasemao kwamba fedha ya maskini huishia katika pombe. Hoja hii ni ya zamani na yapendwa sana, hasa na wale wanaoisema wakiwa na bilauri mkononi. Wachunguzi wawili wa Benki ya Dunia walikusanya uchunguzi 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu jambo hili hili, wakautangaza katika jarida la uchumi mwaka 2017. Waliona kwamba kwa jumla kaya zinapopewa fedha haziongezi matumizi ya pombe na tumbaku. Walevi wapo, kama walivyopo miongoni mwa wenye mishahara. Lakini hatujasikia mtu akishauri kwamba mishahara ya wafanyakazi wote ifutwe kwa sababu wako wanaoinywa.

Wako pia wenye hofu kwamba fedha ikimwagwa kijijini bei zitapanda, na yule asiyepewa ataumia zaidi. Hofu hii ni ya maana, na yafaa tuvuke mpaka tukaone kwa jirani zetu wa Kenya. Katika kaunti ya Siaya, karibu na Ziwa Viktoria, shirika liitwalo GiveDirectly lilianza mwaka 2014 kuzipa fedha kaya maskini zilizokuwa zikiishi katika nyumba za nyasi. Kila kaya ilipata jumla ya dola zipatazo 1,000 kwa njia ya simu, kwa mafungu machache. Uchunguzi ulihusu vijiji 653, na kaya zilizopata zilizidi 10,500. Hicho ni kiasi kikubwa mno kuliko ruzuku yetu, na kama bei zingepanda popote, zingepanda hapo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Na kila dola moja iliyoingia iliongeza uchumi wa sehemu ile kwa dola zipatazo mbili na nusu. Hata kaya ambazo hazikupewa kitu zilionekana kuongeza matumizi yao, kwa sababu fedha ya jirani ilipita dukani, kwa fundi, kwa mwuza samaki, ikazunguka.

Hapa mfanyakazi wa mjini na atege sikio. Mama wa kijijini akiezua nyasi akaezeka bati, bati hilo limetoka kiwandani. Sabuni, kitenge, daftari na jembe vimetoka kiwandani. Shilingi inayoingia katika kaya maskini hailali chini ya godoro. Yatoka upesi, nayo hurudi mjini kama kazi. Na tusisahau jambo jingine ambalo kila mfanyakazi analijua moyoni mwake. Kabla ya Mpango huu, aliyekuwa mfuko wa jamii wa kijiji kizima alikuwa ni yeye. Simu ya usiku kwamba bibi ni mgonjwa, kwamba mtoto wa ndugu amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, kwamba mahindi yamekwisha, ilimjia yeye, naye alikopa ili atume. Fedha imfikiayo bibi kwa wakati yaupunguza mzigo huo. Basi yule aulizaye, "Mimi napata nini katika kodi yangu?" na ahesabu pia mikopo ambayo hakuikopa.

FEDHA BILA ZAHANATI

Hata hivyo hatutaki kuwapotosha wasomaji wetu kwamba fedha pekee itamaliza umaskini wa vijijini. Kutoka Siaya hiyo hiyo yalitangazwa mwaka 2025 matokeo mengine ambayo kila kiongozi yafaa ayasome. Katika kaya zilizopata fedha, vifo vya watoto wachanga walio chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Akina mama waliweza kupumzika kazi ngumu katika miezi ya mwisho ya uja uzito, na wengi zaidi wakajifungulia hospitalini. Ni habari ya furaha kubwa. Lakini watafiti waliona pia kwamba nafuu hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokaa karibu na hospitali yenye waganga.

Maana yake iko wazi. Fedha ilimwezesha mama kufika penye mganga. Haikuweza kumleta mganga mahali asipokuwapo. Kaya ikipewa ruzuku katika kijiji ambacho zahanati yake haina dawa, fedha hiyo itakwenda kununua dawa kwa bei ya duka, na faida yake itapotea njiani. Kadhalika ada ya shule ya msingi ilikwisha kufutwa, na tangu mwaka 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne nayo imefutwa. Lakini sare, madaftari na michango bado ni mzigo wa mzazi. Kwa hiyo ruzuku na huduma ni kama mafiga: ukiondoa moja chungu chamwagika. Atakayesema, "Tumekwisha kuwapa fedha, sasa zahanati ingoje," atakuwa ameharibu vyote viwili.

MAADUI WA RUZUKU

Sasa turudi kwenye swali letu la mwanzo. Tumekwisha kuona kwamba fedha hii hufanya kazi, na kwamba hufanya kazi zaidi ifikapo kabla na wakati wa msimu wa kilimo. Basi maadui zake ni akina nani?

Adui wa kwanza ni ucheleweshaji. Malipo yaliyopangwa kila baada ya miezi miwili yamewahi kuchelewa, na kaya zikakaa zikingoja bila kujua zitalipwa lini. Mfanyakazi anajua maana ya mshahara kuchelewa wiki mbili: hupoteza usingizi, hukopa, husema uongo kwa mwenye nyumba. Naye ana mshahara! Mnyonge wa kijijini ambaye malipo yake yamechelewa hana dukani pa kukopa, isipokuwa kwa mlanguzi. Anayeahidiwa fedha akapanga, kisha fedha isije, huwa amedhuriwa kuliko asiyeahidiwa kitu.

Adui wa pili ni mkono unaokata. Wananchi wa sehemu mbalimbali wamewahi kulalamika kwamba penye meza ya malipo hukatwa michango ya hili na lile: ya ujenzi, ya mwenge, ya madawati. Yawezekana michango hiyo ni ya halali kwa wananchi wote, na ikiwa ni ya halali, basi na ikusanywe kwa wananchi wote kwa utaratibu wake. Kumvizia maskini pale anapopokea, kwa sababu tu siku hiyo anajulikana kuwa ana shilingi, ni uonevu. Shilingi 5,000 zikikatwa katika 36,000, zilizokatwa ni siku za kupalilia.

Adui wa tatu ni jina la uongo. Uhakiki wa mwaka 2016 ulizikuta kaya hewa na kaya zisizostahili kwa maelfu. Mwenye duka na nyumba ya bati kuandikwa kuwa maskini, au marehemu kuendelea kupokea, ni wizi wa aina mbili: huiibia Hazina, na humwibia mnyonge jina lake jema, kwa sababu mwananchi akiona hivyo husema Mpango wote ni ulaghai.

Adui wa nne ni dharau, naye haandikwi katika ripoti. Mzee kuitwa saa mbili na kuhudumiwa saa kumi, huku amesimama juani. Mama kukaripiwa mbele ya watu kwa kuwa hakusikia jina lake. Siku hizi walengwa wengine hulipwa kwa simu au kwa benki, na jambo hilo lapunguza foleni. Lakini bibi asiyejua kusoma, ambaye namba yake ya siri yashikwa na mtu mwingine, aweza kuibiwa kimya kimya zaidi ya alivyoibiwa mezani. Chombo kipya chahitaji ulinzi mpya.

TUNAYOYATAKA

Sisi twaomba mambo manne, nayo si makubwa. La kwanza: tarehe za malipo zitangazwe mapema kwa mwaka mzima, zibandikwe katika ofisi ya kila kijiji na shehia, na malipo yanayotangulia msimu wa kilimo na yaliyo katikati yake yasiguswe kwa sababu yoyote. Yakipungua mengine, hayo yasipungue. Kila mkoa wajua mvua yake. Wenye vuli na masika wana kalenda yao, na wenye msimu mmoja wana yao.

La pili: kila kaya ijulishwe kiasi inachostahili kabla ya kufika mezani, kwa maandishi na kwa mdomo, na ipokee kiasi hicho chote. Kiongozi atakayekata mchango penye meza ya malipo achukuliwe hatua kama mtu aliyekata mshahara wa mfanyakazi bila haki.

La tatu: orodha isomwe hadharani kila mara, waliokufa waondolewe, waliosahauliwa waingizwe, na wale walioinuka wahitimu kwa heshima. Lakini kuhitimu kupimwe kwa haki. Kaya iliyonunua mbuzi watatu mwaka mzuri haijawa tajiri. Ukame mmoja waweza kuwachukua wote. Ukimwondolea mtu ngazi kabla hajashika boriti, utamvunja mguu, kisha utasema ngazi haina faida.

La nne: penye ruzuku pawe na zahanati yenye dawa na shule yenye mwalimu. Hili tumekwisha kulieleza.

Kwa Takwimu za Serikali za mwaka 2017/18, Watanzania 26 na ushei katika kila 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya lazima, na vijijini walikuwa 31 katika kila 100. Hao si watu wa nchi nyingine. Ndio wanaolima mahindi, mtama na mpunga tunaokula mjini. Ndio mama zetu na shangazi zetu, na wengi wetu tulilelewa kwa mikono yao kabla hatujapata kazi na viatu.

Wanachama katika matawi na wafanyakazi katika vyama vyenu, twawaomba jambo moja lililo jepesi. Mtakapokutana na viongozi wa vijiji, wa kata na wa wilaya, msiulize tu kama fedha za Mpango zilitolewa, kwa maana mtajibiwa kwamba zilitolewa na ni kweli. Ulizeni zilifika tarehe ngapi, mvua ilikuwa imenyesha au bado, na katika kila shilingi 36,000 bibi aliondoka na ngapi. Atakayeweza kuyajibu hayo bila kusitasita, huyo ni kiongozi wa wanyonge. Na asiyeweza, apewe muda mfupi wa kwenda kuuliza, kwani majani hayamngojei mtu.